Magoti ya Fergal

Belfast, 13 Mei 2002

Fergal,

Noreen wa ofisi ya uangalizi amekaa hapa jikoni kwangu akinifundisha namna ya kukuandikia, utadhani sijawahi kushika kalamu. Nisiandike mahali ulipo juu ya bahasha. Nisikupigie simu. Barua nimpe yeye mkononi, yeye ataifikisha. Nikamuuliza kama naruhusiwa kukutukana humo ndani. Kasema hiyo sehemu haimhusu.

Haya. Sisi tupo. Orla ametoa jino la pili na amelijaribu kwenye bega langu. Halali, kwa hiyo na mimi silali, na jana nimeweka chumvi kwenye chai ya mama yako. Kainywa yote kwa sababu ananihurumia.

Bado nina hasira na wewe na sitaifunika na blanketi. Ulisema unatoka mara moja kununua maziwa. Ukarudi huna maziwa, una damu kwenye paji la uso, na kigari chekundu cha Bi. Attracta Deeny kimekumbatia ukuta wa duka la chipsi. Gari la muuguzi, Fergal. Mtu anayezunguka nyumba kwa nyumba kuwahudumia watu wasioweza kutoka kitandani. Yote ili ukate kona mbili kwa kasi ujisikie mwanaume.

Korti imekuhukumu nami nimekubali: mwaka mzima chini ya uangalizi, kazi za jamii, usukani usiuguse. Lakini Wale, wenye bunduki wa upande wetu, nao wana korti yao. Amani ilitiwa saini mwaka ule tulioanza kutembea pamoja, nikadhani habari za kubishiwa mlango zimekwisha. Nilikuwa namlisha Orla karoti walipokuja, wawili, wamejifunika nyuso kwa skafu na jua linawaka. Mmoja alinisalimia kwa jina langu. Akasema uondoke mji huu, au ujipeleke mwenyewe nyuma ya maduka upigwe risasi za magoti. Ukirudi bila ruhusa yao hawataishia magotini. Alisema taratibu, kama mtu wa gesi anayekuambia atakuja lini kusoma mita. Orla akamtemea karoti kwenye koti.

Noreen anasema kazi yake sasa ni mbili: kukuweka mzima huko, na kuuliza huku kama ipo njia ya kurudi. Huko ni wapi hataki kuniambia. Basi wewe niambie pakoje. Unalala kwa nani, unakula nini.

Bronagh


Mahali fulani penye bahari, 19 Mei

Mke wangu,

Matusi yamefika salama, hakuna lililovunjika njiani. Nimeyastahili. Nilitaka kukuomba radhi uso kwa uso lakini Noreen alinisukumiza garini na begi moja, na ndani ya begi nimekuta umeweka soksi tano, kila moja ya jozi tofauti. Sijui kama ulifanya makusudi.

Ninalala kwa Bi. Wilma Gault. Ni mjane, na ni Mprotestanti kuanzia kisogoni hadi soli za viatu. Picha ya Malkia iko kwenye ngazi, kwa hiyo kila nikienda chooni lazima nipite mbele yake. Sare ya bendi ya marehemu mumewe inaning'inia kwenye kabati ninamoweka suruali zangu. Siku ya kwanza alinishika mkono akaniuliza jina. Nikalitaja, na nikajua hapo hapo kwamba ameshajua mimi ni Mkatoliki, maana hakuna Mprotestanti anayeitwa Fergal. Akasema, "Unakula figo?" Nikasema hapana. "Basi mimi na wewe tutagombana kwa hilo tu," akasema, akaenda kuchemsha maji.

Asubuhi tunatengeneza mabenchi ya ufukweni, ndiyo adhabu yangu. Msimamizi anasema nina mkono wa useremala na anashangaa niliuacha ufundi. Sikumwambia niliuacha kwa uvivu.

Sasa sikiliza, usirushe barua hii kabla hujaimaliza. Kuna mwenzangu kwenye mabenchi aliyepitia haya. Anasema unaomba miadi. Unavaa suruali kuukuu, unalala kifudifudi, na wao wenyewe wanaita gari la wagonjwa kabla hawajapiga ili usikae sana. Ukijipeleka kwa adabu wanapiga nyama, hawapigi mfupa. Mguu mmoja. Unauguza, unarudi kwako, hakuna anayekudai kitu tena. Nimefikiria sana. Ningekuwa nyumbani Orla akianza kutambaa.

Mumeo,
Fergal


Belfast, 24 Mei

Fergal Toner,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa sakafuni.

Malachy wetu, mtoto wa mama mdogo, naye aliahidiwa nyama tu. Umesahau? Mama mdogo ndiye aliyempeleka, kamshika mkono, kwa sababu aliambiwa mama akimleta mwenyewe watamhurumia. Akamchagulia na suruali. Malachy anapanda ngazi kwa makalio mpaka leo, na mama mdogo hajakaanga samaki tena maisha yake, kwa sababu jioni ile alikuwa ameacha samaki jikoni akafikiri watarudi kula.

Mimi sitakushika mkono. Suruali sitakuchagulia. Ukienda kwenye miadi hiyo, ukitoka hospitali usije kwangu, nenda kwa huyo rafiki yako wa mabenchi akakuoshe. Nakupenda na ndiyo maana naandika hivi, na sitaandika mara ya pili.

Sasa sikia njia nyingine. Noreen ana mtu, na mtu huyo ana mtu. Huyo wa mwisho anakwenda kwa Wale, anakunywa chai, anazungumza mpira, halafu katikati ya mpira anauliza: ni kweli kuna neno juu ya Fergal Toner? Wanamwambia arudi. Amerudi. Jibu ni kwamba neno la kukufukuza lipo, si uvumi. Lakini wamesema kama mwenye gari atakubali kukaa na wewe mezani na akaridhika, wao watalitazama upya. Noreen akaenda kwa Bi. Attracta. Bi. Attracta kamsikiliza mlangoni mpaka mwisho, kisha kafunga mlango. Hakuubamiza. Noreen anasema afadhali angeubamiza.

Kwa hiyo tulia huko. Tengeneza mabenchi. Kula figo.

Mimi nimepata kibarua Jumanne na Ijumaa. Usiniulize ni cha nini.

Bronagh

(Soksi nilifanya makusudi.)


Penye bahari, 16 Juni

Mke wangu mkali,

Miadi sitaomba. Nimeiondoa kichwani. Yule mwenzangu wa mabenchi nilimuuliza kama anaweza kukimbilia basi, akaanza kuzungumzia hali ya hewa.

Habari njema ni nyingi kuliko nilivyotarajia. Bi. Wilma ananifundisha kuoka mkate wa magadi. Wa kwanza aliwapa kuku, kuku wakautazama. Wa tatu tuliula. Ananiita "kijana wangu wa Belfast" mbele ya wageni, na wageni wake wakiuliza mimi ni nani anawajibu, "Ni mtu anayelipa kodi kwa kutengeneza paa, wewe unalipa nini?"

Na nimemtengenezea Orla kitanda. Cha kweli, chenye kingo, si lile sanduku la kuazima. Nyuma ya uwanja wa mpira kuna kiwanja kitupu na mtu ametupa mbao pale, rundo zima, mbao nzuri kabisa zimekauka, na hakuna hata anayezitazama. Nimekwenda mara nne na toroli la Bi. Wilma. Nimezipiga randa mpaka zinang'aa kama sahani. Kwenye ubao wa kichwani nimechonga bata. Bi. Wilma anasema ni kuku. Tumekubaliana ni ndege.

Mama ameniletea salamu kupitia kwa Noreen. Anasema alikuona Ijumaa kule mlimani unasukuma kigari cha mtoto na kucheka mpaka umeegemea ukuta. Nimefurahi. Halafu usiku sikufurahi. Kibarua gani hicho kinachochekesha, Bronagh? Unacheka na nani?

Fergal wako


Belfast, 20 Juni

Fergal,

Hayo ya kucheka tutayazungumza. Kwanza hizi mbao.

Rundo la mbao. Kavu. Kwenye kiwanja kitupu. Mwezi wa Juni. Katika mji wa Waprotestanti.

Umekulia wapi, mwanaume wewe? Ulipokuwa mdogo hukuwa na rundo lako mwenyewe la Agosti nyuma ya shule, ukalilinda kwa fimbo na mbwa asubuhi na jioni asije mtu kuiba hata kijiti? Kama sisi tunakusanya kwa ajili ya moto wa sikukuu yetu ya Agosti, unafikiri wao Juni wanakusanya kwa ajili ya nini, kujengea banda la kuku? Huo ni moto wao wa mkesha wa sikukuu yao ya tarehe kumi na mbili Julai. Watoto wao wamezibeba hizo mbao tangu Pasaka. Umepiga randa sherehe ya watu. Umeichonga bata.

Usimwambie mtu. Au mwambie Bi. Wilma upesi kabla hajaambiwa na mwingine. Ndiyo, mwambie Bi. Wilma. Nimemkimbilia Noreen ofisini nikiwa na Orla kwapani na slipa miguuni. Kasoma barua yako, kaweka miwani mezani, kasema, "Leo nilipanga kwenda kwa msusi."

Bronagh


Penye bahari, 13 Julai

Bronagh mpenzi,

Najua Noreen amekuambia ni mzima, na najua alikataa kukuambia zaidi kwa sababu alikuwa anacheka. Nami nilitaka nikusimulie mwenyewe.

Barua yako na Uel Tosh vilifika siku moja. Uel ndiye mpiga ngoma kubwa wa bendi ya Waprotestanti wa hapa, mikono yake kama makoleo. Alikuja na wenzake watatu. Nilikuwa nyuma ya Bi. Wilma nimeshika msumeno, nikauweka chini haraka isije ikaonekana vibaya.

"Wilma, una mgeni."

"Nina wageni tangu wewe hujaota ndevu, Uel."

"Mgeni wako katuibia moto."

"Moto mtawasha mwezi ujao. Zilizoibwa ni mbao, na nyinyi wenyewe mliziiba nyuma ya kiwanda cha maziwa. Sasa nani aanze kuungama?"

"Kuungama ni mambo yao wale," akasema Uel, akaninyooshea kidole.

"Basi muache aungame, amezoea."

Nikatoka. Nikasema nimezichukua mimi, nilifikiri zimetupwa. Mmoja akasema hakuna mtu mjinga kiasi hicho. Bi. Wilma akasema, "Yupo, ninaishi naye." Uel akaingia ndani akakitazama kitanda, akapitisha mkono juu ya ukingo. Akauliza ni cha nani. Nikasema cha binti yangu. Yuko wapi? Nyumbani, nami siwezi kwenda nyumbani. Kwa nini? Nikamwambia: niliiba gari.

"Kwa hiyo wenu wamekufukuza kwa wizi, ukaja kwetu kuiba."

"Ndiyo."

Bronagh, sijawahi kujua nguvu ya hilo neno. Walikuwa wamejiandaa kwa uongo. Walisimama tu pale na mikono yao mikubwa hawajui waifanye nini.

Noreen alipofika alinivuta pembeni. "Fergal, watu wangu wote hutishwa na upande mmoja kwa wakati mmoja." Kisha akaenda kukaa na Uel kwenye ukuta wa bustani, wakazungumza mpira. Hukumu ikatoka: kitanda nibaki nacho, lakini mbao nirudishe mara mbili yake. Nipite nyumba kwa nyumba kuomba mbao kuukuu, na kila mlango niseme mwenyewe kwa nini naomba.

Mlango wa kwanza uliniogopesha kuliko siku ya korti. Mzee akanisikiliza, akamwita mkewe aje asikie, nikasema tena. Mkewe akaita jirani. Nikasema mara ya tatu. Walinipa kabati lililovunjika na kipande cha keki. Kufikia jioni watu walikuwa wananisubiri malangoni. Mwanamke mmoja alilalamika kwamba nimemruka.

Halafu nikawaambia rundo lao linaegemea upande, wakasema na wewe panga basi. Nikapanga. Siku tatu Mkatoliki wa Belfast Magharibi amejenga moto wa Waprotestanti, na nakuambia ulisimama kama mshumaa. Juu kabisa huweka bendera yetu ya Ireland waichome, kila mwaka. Uel alipokuwa anaipandisha alinitazama akasema, "Hii si kwa ajili yako." Nikamwambia najua, ngazi yako imeegemea vibaya, isogeze kushoto.

Bi. Wilma alinikataza kutoka usiku wenyewe, akasema pombe haina kumbukumbu. Nikatazama dirishani. Uliungua sawasawa toka juu hadi chini bila kuanguka upande. Niliona fahari, Mungu anisamehe.

Sasa jambo la maana. Milango ile yote imenifundisha kitu. Mwambie Noreen arudi kwa Bi. Attracta. Asimwombe anisamehe. Amuulize tu ni kitu gani nifanye. Chochote, hata kiwe kirefu. Sitaki kurudi kwa kusahauliwa. Nataka kurudi kwa kulipa.

Fergal


Belfast, 17 Julai

Fergal wangu,

Noreen hakuhitaji kurudi. Nilikuwa na Bi. Attracta jana. Nipo naye kila Jumanne na Ijumaa tangu Mei.

Baada ya yeye kumfungia Noreen mlango nilikwenda mimi, na Orla ndani ya kigari. Nilimwambia sikuja kuomba msamaha kwa niaba ya mtu mzima. Nimesikia anapanda mlima kwa miguu na begi zito na sanduku la bendeji, nami nina magurudumu. Akanitazama sana. Akaweka begi chini ya miguu ya Orla, tukaenda. Nyumba mbili hakusema neno. Ya tatu akasema, "Mtoto kavaa soksi moja." Ndiyo salamu yangu ya kwanza kutoka kwake. Sasa hivi tunapigiana kelele mlima mzima. Huyo ndiye ninayecheka naye, mwenye wivu wewe.

Jana niliisoma barua yako kwa sauti kule juu. Nilipofika kwenye ngazi ya Uel alikaa juu ya ukuta wa mtu, akacheka mpaka kofia ikamtoka, na Orla akacheka kwa kuwa yeye anacheka. Kisha akafuta macho.

Kuna jambo nilikuficha. Jioni uliyochukua gari, Mzee Hanratty wa mwisho wa barabara ya machimbo alikuwa anangojea sindano yake ya maumivu. Saratani ilikuwa imemfika mifupani. Bi. Attracta alitoka na begi akakuta gari halipo. Teksi haikuja. Akaenda kwa miguu, na alipofika mzee alikuwa amelia mpaka sauti imekwisha, na binti yake amekaa ngazini ameziba masikio. Amefariki mwezi uliopita. Hukumuua wewe, alikuwa anakufa. Lakini hakustahili kungojea vile. Niliambiwa haya wiki ya pili. Sikukuandikia kwa sababu nilijua ungekimbilia ile miadi, ukadhani goti lako ni malipo. Goti lako lisingemsaidia mtu.

Sasa unaweza kuyabeba. Nimeona kwenye barua yako.

Bi. Attracta alipoiokota kofia yake alisema, "Nitakwenda nimwone huyo fundi wa moto." Na hakuishia hapo. Leo mchana kaenda kwa Wale mwenyewe, hakupitia kwa mtu mwenye mtu. Kaingia klabuni kwao na sare yake ya kazi. Noreen alikuwa nyuma yake, na anasema nusura azimie.

Kawaambia, "Mmepanga kuvunja magoti kwa ajili ya gari langu. Nani aliniuliza? Mkishayavunja, anayekwenda nyumbani kuyafunga bendeji miezi na miezi ni nani? Ni mimi. Yale ya Malachy niliyafunga mimi. Mnaniongezea kazi kwa jina langu."

Mmoja kasema, "Dada Attracta, sisi tunakutetea."

"Mama yako nina sindano yake baadaye leo," kamjibu. "Nikitetewa zaidi ya hapa nitachelewa."

Wamesema akikaa na wewe na akatoka ameridhika, watatoa jibu. Yeye na Noreen watakuja huko Jumamosi ya tarehe tatu, nami nikiruhusiwa nitakuja nao. Jiandae. Usijipambe maneno.

Bronagh


Penye bahari, 22 Julai

Bronagh,

Nimesoma habari ya Mzee Hanratty. Nimeenda ufukweni nikakaa kwenye benchi nililotengeneza mwenyewe. Nilimfahamu. Alinipa sehemu ya kufungia baiskeli nilipokuwa mdogo.

Ulifanya vizuri kunificha, na umefanya vizuri kuniambia. Waje. Nitakuwepo.

Fergal


Agosti 4

Mpendwa Bi. Toner,

Hatujaonana ila nimefua soksi za mumeo, kwa hiyo nakuandikia bila kubisha hodi. Pole kwa homa ya mtoto iliyokuzuia kuja. Kijana wako ameniomba nikuandikie kwa sababu yeye leo ameshika randa tangu alfajiri. Usiogope, ni mzima.

Walikaa jikoni kwangu. Niliwapa chai nikatoka, nikaenda kusikiliza kwenye kidirisha cha kupitishia sahani, wala sioni haya, nyumba ni yangu.

Fergal alikuwa amejifunza hotuba. Nilimsikia wiki nzima anaisema bafuni. Bi. Deeny akasema, "Kwanza nisikilize mimi," akamsimulia yule mzee tangu mwanzo hadi mwisho, alivyomkuta, alivyomgeuza, binti alivyokuwa. Hakupandisha sauti. Nimezika mume na ndugu wawili katika vita vyetu hivi, na sijasikia mtu akizungumza vile. Fergal hakuinamisha uso hata mara moja. Mwisho akasema, "Sikujua." Kisha akasema, "Hapana. Sikujishughulisha kujua." Hotuba hakuitoa tena.

Bi. Deeny akamwambia anachotaka. Wagonjwa wake wote wanaanguka kwenye ngazi za nje. Kijana atawatengenezea vishikio vya mikono na njia za magurudumu, nyumba zote, muda wowote utakaochukua, na kila mlango atajitambulisha mwenyewe ni nani na alifanya nini. Aanze na nyumba ya binti Hanratty. Noreen wenu akauliza kama ni mzigo mzito. Fergal akasema ameshazoea milango.

Baada ya hapo sikuvumilia, nikaingia na chakula. Bi. Deeny amekula figo sahani mbili akaomba mchuzi. Nimeambiwa maisha yangu yote tusikae meza moja na watu wenu. Mtu anayekula figo zangu hivyo atakaa popote apendapo.

Kitanda kimebebwa juu ya gari la Noreen, Uel Tosh ndiye aliyekifunga kamba. Hakitadondoka. Ule mchongo wa kichwani ni kuku.

Siku akija kuondoka nitamfungia mkate. Wewe usimwonee huruma sana, lakini na usimkatili. Amekuwa mtu mzuri kukaa naye, na ngazi zangu zitakuwa kimya.

Wako kwa heshima,
Wilma Gault


Belfast, 12 Agosti

Fergal wangu,

Noreen amekuja leo. Hakuzungumza mpira. Alisimama mlangoni na koti lake akasema, "Neno limeondolewa." Nikamwambia aseme tena. Akasema tena. Nikamkabidhi Orla nikaenda kulia bafuni kwa raha zangu, mlango nimefunga, hakuna anayeniita mama. Nilipotoka Orla alikuwa amesimama ameshika goti la Noreen kwa mikono miwili, na Noreen hathubutu kusogea hata kufikia kikombe.

Bi. Attracta alikwenda kuwaambia ameridhika. Wakamuuliza ana hakika. Akawaambia ana hakika kuliko walivyo wao.

Binti Hanratty amesema atakufungulia mlango. Hakuahidi kuzungumza. Nilimwambia inatosha.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili amenifundisha Noreen. Wengine wakiruhusiwa kurudi huingia kimya kimya kwa uchochoro wa nyuma, wanajifungia ndani, na watu wakiona pazia linatikisika maneno yanaanza upya. Wewe hutaingia hivyo. Utakuja Jumamosi mchana, watu wote wakiwa barabarani. Teksi ikushushe juu kabisa, mbele ya kanisa. Mimi na Orla tutakuwa pale. Tutateremka barabara nzima kwa miguu, katikati, si ukutani. Utamsalimia kila mtu. Atakayeitikia mshukuru, atakayegeuza uso mwache, ana haki yake. Kwenye duka la chipsi utasimama uingie ndani umsalimie mwenyewe.

Mama yako amenunua nyama. Malachy amesema atakaa kwenye kiti nje ya mlango wake mpaka tupite, anataka kukuona ukitembea. Amesema hivyo hivyo, "Nataka nimwone akitembea," halafu akaniomba sigara.

Tukifika pale kwenye kona ya maduka, wanakopigia watu magoti, miguu yako itataka kukimbia. Najua, na yangu itataka. Usiiruhusu. Nitakushika mkono, twende polepole.

Mkeo,
Bronagh